Nati ya Waya wa Hasi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta goti limepungua kuuma na usingizi umerudi. Msalimie dada na wanawe, na umwambie yule mdogo kwamba picha ya gari aliyonichorea nimeibandika juu ya jiko. Mimi mwili haujambo. Kaka naye anaendelea vizuri, anakula mpaka sufuria inaomba radhi.

Kwenye simu uliniuliza jicho lake lilipotelea wapi, na yeye akaninyang'anya simu akakujibu kuwa ni ajali ya kazini, kwamba mzee mmoja alituuzia betri mbovu. Nimeona nikuandikie. Tafuta pa kukaa kwanza, mama.

Unalijua gari letu la nyumba, lile ulilokuwa ukiliita jeneza la magurudumu. Tangu baba alipotuachia tunalala humo, mji hadi mji, kaka apigane ngumi ulingoni na mimi niendeshe, nipike, na nimshone nyusi zikipasuka. Lina betri tatu. Moja ni ya injini. Mbili ni za nyumba, zimekaa chini ya benchi ninalolalia, na ndizo zinazowasha taa, feni na pampu ya maji. Kwa kaka betri ni sanduku la kupigwa teke likigoma. Mimi ndiye ninayezifungua kila Jumatatu nikaongeza maji ya betri, nikasugua ule ukungu mweupe kwa maji moto na magadi, nikapaka grisi. Mita ikisoma chini ya volti kumi na mbili nukta mbili nazima kila kitu, hata kama kaka ananitukana gizani.

Haya yote alinifundisha mzee wa betri, nilipokuwa nikifanya kazi dukani kwake kabla kaka hajaja kunichukua. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba ukifungua betri uanze na waya wa hasi, kisha ukifunge kichwa cha waya kwa kitambaa kisije kikagusa chuma. Aliyesahau alipigwa spana ya vidole. Hizi betri mbili za nyumba alituuzia yeye, mwezi uliopita, tulipofika huku kwa pambano.

Pambano lenyewe lilikuwa Jumapili mchana, ndani ya ghala la saruji lisilo na dirisha hata moja. Umeme ulikatika tangu asubuhi, mwandaaji akaja kutuomba betri. Nikaegesha gari mlangoni, nikavuta waya mpaka ulingoni, nikawasha taa nne, na injini nikaiacha inanguruma ili betri zisichoke. Mpinzani alikuwa mbeba magunia wa sokoni, wenyewe wanamwita Kreni, na jina halikumwonea.

Raundi mbili za kwanza kaka alimchezea. Ya tatu Kreni alimpata ubavuni, nikasikia kitu kikivunjika nikiwa kule mlangoni. Ya nne ilikuwa zamu ya pua. Ya tano kaka alikuwa akipigana na watu wasiokuwepo, anarusha ngumi kulia na Kreni yuko kushoto. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni, mama. Sikioni, kama baba kwenye pambano lake la mwisho. Watu wakawa wanaimba kwamba amalizwe. Nikamkimbilia meneja wa kaka arushe taulo, akaniambia kaka amemwapisha asilirushe hata akifa. Taulo lenyewe alikuwa amelikalia. Mwamuzi nilimpungia mikono, akatazama pengine. Nikarudi garini nikilia kwa sauti, wala hakuna aliyenisikia.

Kisha taa zikazimika, zote nne.

Humo ndani watu walipigana wasijue wanampiga nani. Viti viliruka, mwanamke mmoja aling'atwa bega, na Kreni mwenyewe alitolewa akichechemea. Pambano likafutwa. Kaka alipopata pumzi alikuwa anaapa kwamba alibakiza ngumi moja tu kushinda, maana aliyepigwa vibaya ndiye wa mwisho kujua. Akavunja mlango wa gari kwa teke, akang'oa benchi langu, akachukua ile nyundo ya mpini wa chuma akaanza kuziponda betri, akizitukana kama watu. Nikamrukia mgongoni. Akanitupa juu ya jiko, kiwiko kikateguka. Pigo la tatu nyundo ikagusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja. Nikaona cheche, nikasikia mshindo, na asidi yote ikamrukia usoni.

Nilimmwagia maji madumu yote matatu, kisha la jirani, kwa mkono mmoja, huku akinipiga mateke kwa maumivu. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho la kulia. Wauguzi wakanisifu mbele ya wagonjwa, nami nikazipokea sifa.

Siku ya nane kaka alitoka wodini bila ruhusa, bandeji kichwani. Mabaki ya betri na nyaya zake aliyatia kwenye gunia, akanishika mkono, tukaenda dukani kwa mzee. Akamwaga kila kitu juu ya meza, akamwambia kuwa betri zake za takataka zimempofusha. Mzee alivaa miwani akakiokota kichwa cha waya wa hasi. Nati ilikuwa imelegezwa kwa spana, na kichwa kimefungwa kitambaa chekundu, mafundo mawili, kama anavyofundisha yeye. Akanitazama mimi. Akakirudisha guniani, taratibu, akasema kwamba pengine betri zilikuwa na kasoro na kwamba anaomba radhi.

Kaka akamvunja taya. Mzee alianguka na rafu ya chaja, na alipokuwa chini kaka akamwongeza mateke ya mbavu, nikahesabu manne. Mimi nilisimama pale. Ulimi niliozaliwa nao ulikuwa kinywani, sikuutumia.

Mficha uchi hazai, mama. Betri zilikuwa nzima. Ni mimi niliyeinama chini ya benchi, nikalegeza nati, nikauchomoa ule waya. Kitambaa nilikifunga kwa mazoea tu. Tulimlisha baba kwa kijiko miaka minne, wewe na mimi, tukimfuta mate kidevuni. Nilipoiona ile damu ya sikio niliona kijiko. Nilitaka kukurudishia mwanao mzima, nimekurudishia jicho moja, na mzee wa watu anakunywa uji kwa mrija. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe pole.

Dada amenieleza kwamba umemlaani mzee yule na kila asubuhi unamtaja kwa ubaya. Nakupigia magoti, iondoe. Kama laana haiwezi kurudi mikono mitupu, ielekeze kwangu, ila uuache huu mkono wa kulia, ndio unaomtia kaka dawa ya jicho.

Kaka amelala hapa karibu yangu ninapoandika. Akiamka nitambadilisha bandeji, kisha nitamwambia kama nilivyokwambia wewe, neno kwa neno. Nyundo sijaificha. Iko mezani, mahali ambapo hata kwa jicho moja ataiona. Atakalofanya nayo ni lake, lakini yule mzee hataguswa tena kwa ajili yangu.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Goti lipake mafuta ya moto kabla ya kulala, na usibebe ndoo.

Ni mimi mwanao,
niliyefungua nati.