Kuni za Mama Chebet

Mama yangu,

Hapa Silibwet mvua haikosi saa tisa, na chai inajaa maziwa vile unapenda. Leo tulikutana shambani: wakulima, meneja wa kiwanda cha chai na sisi maofisa wa kilimo. Nikawaambia matawi ya chai wanayopogoa yabaki chini, yarutubishe udongo. Mama Chebet, mwenye shamba, akauliza, "Na sisi tutapikia nini, ofisa?"  Kisha yeye mwenyewe akashika panga akayagawanya: matawi manene jikoni, majani na vijiti kwa udongo. Sote tukakubali.

Yale majani unayochoma kila Jumamosi, nikifika sitakugombeza tena. Nitakuuliza kwanza kwa nini.

Mungu akutunze.
Muthoni wako