Koni ya Sukari Aliyoikataa Baba

Nyumbani kwa Bassou,
Njia ya Ain Asserdoun,
Beni Mellal.
19 Januari 2019

Mpendwa Mama Mdogo Tuda,

Salamu nyingi zikufikie huko Torino, wewe na Baba Mdogo Hammou, pamoja na Ilyas na Tiziri. Hamjambo nyote? Baridi ya huko inasemaje? Na mgongo wako, umepona, au bado unanyanyua magunia ya unga kama vile ile tanuri ya mkate uliachiwa urithi? Sisi huku tunashukuru Mungu, kila mmoja kwa kiasi chake. Goti la Mama linamwambia mapema kila mvua inapokuja, kwa hiyo redio tumeizima.

Mizeituni imezaa vizuri mwaka huu. Dumu lako la mafuta atakuletea Si Larbi wa gari la mizigo, huyohuyo aliyekuletea barua hii. Mama ameweka pia ndimu za chumvi. Anasema umfiche Hammou nusu, maana mwaka jana alizila zote kwa mkate, akakusingizia watoto.

Yule binti wa jirani yetu Rqia ameposwa. Familia ya mume imetoka Kasba Tadla na koni za sukari za posa zimejaa kwenye gari hadi shangazi yao mmoja akalazimika kuja kwa miguu kutoka kituo cha basi. Alifika amenuna, akakataa chai. Tulicheka sana. Ungekuwepo ungemwigiza mpaka kesho.

Sasa najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe hucheka kwanza, nami nikikisikia kicheko chako nasahau nilichokupigia. Leo sitaki kusahau. Nina hasira nawe, Mama Mdogo, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na nataka uisome yote bila kunikatiza.

Mama alikuambia nimeteguka mguu. Mguu umevunjika, na ilibaki kidogo sana nivunjike mimi mzima.

Kazi ya Baba unaijua. Alikunja parachuti jeshini mpaka alipostaafu, na sasa anawakunjia warukaji pale uwanja wa ndege, Wafaransa wanaokuja kukimbia baridi yao na sisi wachache wa hapa. Na sheria yake unaijua pia, maana ulikuwa ukimtania kwayo: haweki mshono kwenye parachuti ya mtu mpaka mwenyewe auone. Niliponunua ile suti kubwa ya mabawa, alirefusha kamba ya kijimwavuli, kile kidogo unachokirusha kwa mkono ili kiitoe parachuti kubwa, kwa sababu suti pana huacha hewa iliyolala nyuma ya mgongo na kamba fupi haivuki. Kabla ya kuifunga aliniita. "Ishike," akasema. "Ivute. Tena. Usije kesho ukasema hukuijua." Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kila kilichokuwa mgongoni mwangu kilipita kwanza mikononi mwangu.

Na sukari yake unaijua. Wafaransa walikuja na desturi yao, kwamba parachuti ya akiba ikikuokoa, unampelekea aliyeikunja chupa ya mvinyo. Baba akawaambia, "Chupa yenu kunyweni wenyewe. Mimi nileteeni sukari." Tangu hapo yeyote anayeokolewa na akiba ya Baba hutoka uwanjani akaenda moja kwa moja sokoni, akanunua koni kubwa ya sukari ngumu kama jiwe, iliyofungwa karatasi ya buluu. Baba huipokea kwa mikono miwili, huivunja kwa nyundo yake ya shaba papo hapo, na wote waliopo hunywa chai ya nanaa. Nimewaona wanaume wakubwa wakilia juu ya glasi ile. Mimi sikuwa nimewahi kumpelekea yangu.

Sasa turudi kiangazi kilichopita, juu ya paa letu, wewe na mimi tukianua mablanketi. Ulikuwa umetoka kunieleza yale ya ndoa yako ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mimi nikiapa huwa nimeapa. Nami nikakupa langu. Nilikuambia kwamba ninafungua parachuti chini zaidi ya ninavyomwambia Baba, kwa kuwa pale chini, juu ya mashamba ya mizeituni, ndipo kuruka kunakuwa kutamu, unaiona miti ikikimbia. Ulinishika mkono ukasema, "Kwa mkate na chumvi tuliyokula, Itto, limezikwa." Nilikuamini. Wewe si mama mdogo tu kwangu. Tumezidiana miaka michache tu, tumechanuana nywele.

Siku yenyewe ya kuvunjika ilikuwa Jumapili, mbingu safi, mlima Tassemit una theluji kichwani. Niliruka vizuri. Karibu na chini nikapiga mbizi kali kama ninavyopenda kumaliza, nikakunja mabawa, nikarusha kijimwavuli. Parachuti kubwa ikaanza kutoka polepole, maana Baba huikunja ifunguke kwa upole isiniumize shingo. Kabla haijajaa, nikasikia kishindo mgongoni. Nikageuka, nikaona kitambaa kingine, cheupe, kikipanda juu kando ya kile cha kwanza. Parachuti ya akiba ilikuwa imetoka, na mimi sikuivuta.

Parachuti mbili kichwani pa mtu mmoja ni kama wake wenza siku ya sikukuu. Zilisimama ubavu kwa ubavu, kila moja ikivuta kwake. Zikiachana kabisa huinama zote mbili kuelekea ardhini, na wewe uko katikati. Ile kubwa sikuthubutu kuikata, kamba zilikuwa zimepitana. Nilizibembeleza tu, nikamtaja Mungu, nikamtaja Mama, nikakutaja hata wewe, mpaka tukaingia mitini kwa kishindo.

Wanawake waliokuwa wakivuna wakaja mbio na fimbo zao. Mmoja akanitazama nilivyofunikwa, akasema, "Mashallah, binti, wengine hatuna hata shuka moja, wewe umetushukia na mawili!" Mwingine hakucheka. "Na zeituni zangu alizozipukutisha ataziokota nani?" Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa hai, na sikujua bado kwamba kuna la kulia zaidi.

Kumbe akiba ilitoka kwa sababu ya mlinzi. Ndivyo tunavyokiita kile kisanduku kidogo kinacholala ndani ya mkoba wa parachuti. Ukizimia angani ukawa unaporomoka, kikiona umefika chini mno kinaifyatua akiba chenyewe. Mwenye suti ya mabawa hushuka taratibu, kwa hiyo mlinzi wake husinzia tu. Driss, mkuu wa warukaji, alidhani ile kubwa ilichelewa na mlinzi akaniokoa. Nami nikadhani hivyo. Aliponirudisha kutoka hospitali na plasta yangu akaniambia, "Haya, shukuru Mungu, kisha kamlipe mzee sukari yake. Umemkopa miaka yote hii." Tukapita sokoni, nikachagua koni kubwa kuliko zote.

Mama Mdogo, niliingia karakana ya Baba pale uwanjani kwa magongo, Driss ananibebea koni, nina furaha ya mtoto wa sikukuu. Baba alikuwa amekaa. Hakuinuka. Niliichukua koni nikamnyooshea, na mikono yake ikabaki magotini.

"Baba, pokea. Ni yako."

"Si yangu hiyo, binti yangu. Iweke."

"Si yako vipi? Nani mwingine anakunja akiba yangu?"

Akamtazama Driss, Driss akaelewa, akatoka. Ndipo Baba akasema. Alikuwa amempandisha mlinzi wangu. Alitaka aamke juu zaidi, ili siku nikiporomoka huko chini ninakopenda, niwe na nafasi. "Nilihesabu unavyoruka," akasema. "Mbizi yako ya mwisho sikuihesabu. Sikuwahi kuiona. Mlinzi alidhani unaporomoka." Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba ukimpandisha mlinzi wa mtu unamwambia, ili naye afungue juu zaidi. Asipojua, anafungua yake na mlinzi anamfungulia nyingine. Nikamuuliza, "Baba, wewe? Wewe wa 'ishike, ivute'? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje bila kusema nimejuaje? Nilishikishwa kiapo."

"Na nani?"

Mama ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, na birika la chai aliyomletea Baba mkononi. "Na nani tena? Tuda. Alimpigia baba yako simu nyumbani, mimi niko hapohapo jikoni, sina pamba masikioni. 'Shemeji, binti yako anafungua chini, fanya kitu, ila niapie hatajua kama ni mimi.'"

Kwa hiyo Baba alijua, Mama alijua, na Torino ilijua. Asiyejua ni mwenye mgongo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa, nimeifunga zipu mpaka kidevuni.

Najua utasema uliogopa. Naamini uliogopa. Kwamba ulimwambia Baba, ningekukasirikia, ningekununia mpaka Ramadhani, halafu ungenitumia zile biskuti zako za lozi yakaisha. Angeniita karakana, tungegombana, angeniwekea mlinzi mkononi akasema "ishike", nami ningekijua kimo changu. Kilichotaka kuniua si kumwambia kwako. Ni ule mkia ulioufunga nyuma yake, *hatajua kama ni mimi*. Ulitaka kuniokoa na ulitaka kubaki msafi, vyote viwili, na Baba akakulipia kwa kuvunja sheria ya maisha yake.

Tangu siku ile hajakunja kitu. Ufunguo wa karakana amemrudishia Driss. Wafaransa wanakuja mlangoni na parachuti zao kama watu waliobeba wagonjwa, naye anawaambia macho yake yamechoka. Macho yake yanaona sindano iliyoanguka kwenye zulia. Nimemwomba anikunjie mimi wa kwanza, pindi mguu utakapopona, na ameniambia mtu aliyemficha mwanawe hana haki ya kumfungia mkoba. Hata jina lako hataki kulitaja, si kwa chuki, ni kwa kuwa kiapo chake kwako anaona bado kimemkaa shingoni, ingawa Mama ameshakipasua.

Kwa hiyo nakuomba, na hili si ombi dogo. Mpigie. Usinipigie mimi, mpigie yeye. Mwambie umemfungulia kiapo, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea kumwapisha. Yeye hatakuuliza. Atakaa na mzigo wako mpaka azikwe nao.

Utakapofungua kifurushi, chini ya ndimu utakuta koni ya sukari. Ni ileile. Haijavunjwa, karatasi yake ya buluu iko kama ilivyotoka sokoni. Unajua sukari hii huku kwetu huenda wapi: kwa Rqia imekwenda kwa posa, na Jumapili ile ilikuwa karibu iletwe mlangoni kwetu na majirani kwa matanga yangu, kila nyumba na koni yake, Mama amefunga kitambaa cheupe. Desturi ya uwanjani inasema apewe yule ambaye kazi yake iliifanya akiba ifunguke. Baba aliikunja, lakini aliyeifungua ni wewe. Sikuwa na mwingine wa kumpa.

Ukishaongea na Baba, ivunje, mnywe chai. Kabla ya hapo usiiguse.

Nisalimie Ilyas, mwambie picha ya ndege aliyonichorea iko ukutani. Nisalimie Tiziri, na Baba Mdogo Hammou, na yule jirani yenu Mtaliano anayependa zeituni zetu. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi za sufu. Baba hajasema kitu, lakini dumu la mafuta amelifunga yeye mwenyewe, na fundo lake utalitambua.

Mungu akulinde na baridi, na akupe ujasiri wa simu moja.

Ni mimi wako, ambaye bado anakupenda, na hapo ndipo panapouma,

Itto binti Bassou