Mama, Ua la Dirishani Limechanua

Mama,

Limechanua. Nimeanza na hilo kabla hata ya salamu, maana najua ungeniuliza hilo kwanza, wajukuu baadaye. Maua sita, rangi ya chungwa lililoiva, yamesimama juu ya ile mikia ya majani manene, ambayo imeshuka shubiri mbili chini ya dirisha. Yananuka kidogo, sitakuficha. Hukuwahi kuniambia kwamba yananuka. Labda hata wewe hukuwahi kuyaona.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa kwota za reli? Nilikuwa bi harusi wa mwanao, nimetoka Molo kwenye viazi na kabichi, nikaamka mapema nikalimwagilia ua lako ili uone nina adabu. Ulininyang'anya kopo. "Hii maua si ng'ombe, unyweshe kila asubuhi!" Majirani wote walisikia. Tangu siku hiyo ukaniita Mtoto wa Molo, na kwa miaka minne sikuruhusiwa hata kulipangusa masizi ya garimoshi. Nilikuchukia kidogo, Mama. Lakini nilikuwa nakuchungulia kutoka jikoni nikichambua mboga, na ndivyo nilivyojifunza.

Halafu ukaugua, ukaniita mimi, si binti yako Rispa, ukasema, "Maua ni yako. Usiionee huruma." Sikukuelewa.

Nilielewa kwenye matanga yako. Kila mama aliyekuja kutupa pole aliketi karibu na dirisha, akaliona ua lako, akalia, kisha akalimiminia maji yaliyobaki kikombeni mwake. Mvua ilikuwa inanyesha, wageni hawaishi, na mimi mke wa mtoto ningewaambiaje watu wazima wale waache? Wiki mbili baadaye shina lilikuwa jeusi, laini, limeoza. Rispa akasema mbele ya Baba, "Si Mama alisema mkono ya huyu itaua hiyo maua?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa uchungu na kwa hasira. Hasira ndiyo ilikuwa nyingi.

Kisha nikachukua kisu. Vilibaki vipande vitatu vizima, huko kwenye ncha za mikia. Nilivilaza juu ya kabati bila udongo wala maji, siku saba, mpaka pale nilipokata pakakauka, kama nilivyokuona ukifanya. Rispa alidhani nimevitupa. Nikatoboa mkebe kwa msumari, nikaponda yale mawe mepesi uliyookota mlimani Menengai ya kusugulia miguu, nikachanganya na mchanga, nikavipanda. Nisamehe kwa hayo mawe. Baba sasa visigino vimepasuka magaga.

Baridi ya Julai ilipokuja, majani yakageuka zambarau. Nilishika kikombe cha maji mara mbili, na mara mbili nikakirudisha mezani. Niliona nikilipoteza na hili, Rispa atakuwa amesema kweli, na wewe utakuwa umeniamini bure. Jua liliporudi, yakawa kijani tena.

Jumapili iliyopita watu wa kanisa walikuja kwa maombi ya mwaka mmoja tangu utuache. Rispa akaingia, akayaona maua, akasimama palepale mlangoni, machozi yanamtoka. Halafu, kwa ile furaha, akachukua kikombe chake cha maji akaelekea dirishani.

Nilimnyang'anya. "Hii maua si ng'ombe!"

Sauti iliyotoka ilikuwa yako, Mama, pamoja na ukali wako wote. Kisha Baba akacheka. Hakuwa amecheka tangu tukuzike. Alicheka mpaka akatafuta leso, Rispa naye akacheka, na mchungaji akaweka Biblia kando akacheka bila kujua anacheka nini. Nilijiona nimeshinda dunia nzima.

Rispa ameondoka na kipande. Kiko juu ya kabati lake kinakauka, na Alhamisi nitapita kuhakikisha hajakionea huruma.

Pumzika sasa, Mama, ua liko salama. Nakuahidi, bi harusi yeyote atakayeingia nyumba hii nitamnyang'anya kopo mbele ya majirani. Atanichukia kidogo. Halafu siku yangu ikifika, nitamwita yeye.

Wako,
Mtoto wa Molo