Nyuzi Zako Nilizisokota Mimi

Mdogo wangu Mwende,

Nakuonea wivu. Nisipokwambia, utaendelea kudhani nimenyamaza kwa sababu ya kazi ya shamba.

Jumapili ile ulipokuja kanisani Kilungu kutoka chuo kikuu, uliwaonyesha akina mama kitambaa cheupe, chepesi kama utando wa buibui. Ukasema ni nyuzi za nano: mnatoa selulosi kwenye mkonge, mnaiyeyusha, mnaivuta kwa umeme kutoka kwenye sindano, inatoka nyuzi zisizoonekana kwa macho. Zikirundikana, ndio hicho kitambaa cha kuchujia maji. Makofi! Halafu ukasema, "Uzi nilifunzwa na mama yangu, hapa hapa pajani." Nikapiga makofi na wengine, roho ikiniuma.

Pajani pa nani, Mwende? Wewe ulisokota mkonge kwenye paja siku mbili, ngozi ikawasha, ukalia. "Dada, nisaidie tu leo, kesho niko na mtihani." Huo mtihani haukuisha mpaka darasa la nane! Nilisokota fungu langu na lako, wewe ukisoma nyuma ya ghala. Jioni mama anashika nyuzi zako: "Huyu mtoto ana mkono!" Zangu anaziweka kando. Ningesema, ungechapwa. Basi ukasomeshwa, mimi nikabaki nikisuka vikapu, viondo hivi vya mkonge, na mama akafa akijua fundi ni wewe.

Juzi ukanipigia. Nyuzi zenu zinakatika, sindano inazibika, profesa amekupa mwezi mmoja tu. "Dada, mama alikuwa anafanya nini mpaka mkonge ukatoka safi vile?" Nikakujibu sijui. Mwongo mkubwa mimi! Nilikata simu nikifurahi, kisha nikashindwa hata kumaliza chai.

Sasa sikiliza. Mama hakuosha mkonge, niliosha mimi. Nyinyi mnaletewa majani yaliyolala siku mbili, utomvu umeshakaukia ndani, ndio unaoziba sindano. Yakateni asubuhi na mapema, myaparure hapo hapo mpaka nyama ya jani itoke, nyuzi mzioshe mara tatu, kila mara kwa maji mapya, kabla jua halijapanda. Zianikeni kivulini.

Ikikubali, rudi kanisani, simama mbele ya akina mama wale wale, useme nani alikuwa akisokota. Usiseme "familia yangu". Sema Kalondu. Wivu wangu haujaisha, na siombi uishe kabla ya siku hiyo.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Kalondu