Tawi la Mgunga Penye Njia Panda

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nyumbani! Lori lilinishusha jana barabara ya Makutupora, nikamalizia kwa miguu, sanduku kichwani. Bibi kasema nimekonda. Baba kauliza nimekuwa wa ngapi darasani. Wa tisa. Akaenda zizini — maana yake si vibaya.

Leo alfajiri nimekimbia. Raba za mtumba, za kiume, nimeshindilia vitambaa mbele. Nyuma ya zizi, katikati ya mashina ya uwele yaliyobaki shambani, halafu ukingo wa korongo. Upepo wa Julai unakata masikio. Chini kule bado giza, lakini ukuta wa ng'ambo umeshashika jua, mwekundu kama chungu kinachotoka motoni. Penye njia panda, kushoto kunashuka kwenye visima vya mchangani, wanakochota watu wa kitongoji cha juu. Kulia kunapanda ngazi za mawe mpaka uwandani. Nikapanda. Juu hakuna kitu. Nyasi za njano, anga, na mimi.

Hili simwambii mtu: nikikimbia mimi si yule Loisi anayejificha nyuma ya mlango wageni wakija. Huyo namwacha zizini.

Jumatano, 5 Julai

Landrova imekuja! Ameshuka kaka mmoja, Brighton, wa kampuni mpya ya kutembeza wageni. Siku hizi kila mwenye gari anafungua kampuni, kasema Baba. Anatafuta njia za milimani za watu wanaopenda kukimbia. Kilomita kumi na nne hivi, zenye makorongo na uwanda.

Mzee Matonya, mwenye ng'ombe kule bondeni, akauliza wanakimbilia nini.

"Hawakimbilii kitu, mzee. Wanakimbia tu."

"Wamepoteza mbuzi?"

"Hapana."

"Basi wanafukuzwa. Usituletee matatizo hapa."

Watu wakacheka mpaka Brighton mwenyewe. Halafu Mwalimu Gerson, wa shule ya hapa kijijini, akaninyooshea kidole: huyu hapa, huyu ndiye anayekimbia huko. Macho yote kwangu! Nikatazama vidole vya miguu yangu. Ndivyo Baba alivyojua kwamba nakimbia vilimani.

Brighton ana karatasi ya Kiingereza. Neno scenic limo mara tano. Bibi akauliza ndiyo nini. Nikamwambia njia ya kutazama. "Kwani njia nyingine mnafumba macho?"

Makubaliano: mimi niweke alama, yeye arudi na wageni tarehe 20 wajaribu. Njia ikifaa, Agosti nitawaongoza mimi. Mbele! Ikabaki Baba. Kasema sawa, mwalimu ameomba. Ila akisikia jambo lolote, hata dogo, linalohusu binti yake na vilima, raba zinaingia jikoni, chini ya chungu.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Nimeitumia kuweka alama. Nimechana ile sweta yangu nyekundu ya fomu wani, nikafunga vipande kwenye vichaka kila baada ya hatua mia. Uzi mwekundu unaonekana mbali. Penye njia panda nikaogopa — mgeni akiteremka kushoto atapotelea korongoni. Nikakata tawi kubwa la mgunga, nikalilaza kukatiza njia. Ndivyo anavyofanya mwalimu wetu wa michezo tukikimbia mbio za nyika kule shuleni Nzuguni. Njia isiyo yetu, tawi.

Nimemaliza saa sita, mikono imejaa miba. Nikakaa juu ya uwanda nikala karanga. Kimya kile! Unasikia mpaka mbawa za kunguru. Nikawaza wageni watakaa hapa, watahema, watatazama, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewafikisha. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Jumapili, 9 Julai

Kanisani watu wa kitongoji cha juu wamechelewa wote. Sikusikia kwa nini.

Jumatatu, 10 Julai

Mama mdogo Ruthu, wa kitongoji cha juu, ameanguka. Ameletwa mchana juu ya baiskeli, goti limevimba kama boga. Nikashika beseni, Bibi akamkanda na maji ya moto. Alikuwa anatoka kisima cha mbali, kile cha nyuma ya majabali, ndoo kichwani, jiwe likateleza.

Bibi: "Umefuata nini huko wakati vya mchangani viko karibu?"

Ruthu: "Njia imefungwa, mama. Siku ya tatu leo. Limelazwa tawi la mgunga."

Bibi akaguna tu. Hakuuliza zaidi. Haulizwi mtu.

Beseni lilinitoka mkononi. Wakadhani naogopa goti.

Najua. Najua tangu sijajua kusoma! Tawi la miba likikatiza njia, usipite. Huenda kuna msiba, huenda kuna ugonjwa majini, huenda mtu anatunza nyasi zake. Hulivuki, hulitoi, unageuka. Aliyeliweka ndiye analitoa. Nilipokuwa na miaka sita Bibi alinichapa kwa kuruka tawi moja tu. Na juzi nimelikata mimi, kwa panga la nyumbani, huku naimba. Sikulifikiria hata kidogo. Kichwa changu kilikuwa Nzuguni, ambako tawi ni tawi.

Siku tatu. Kaya kumi na tisa. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Jumanne, 11 Julai

Nimekwenda alfajiri nikaliondoa. Nimelitupa korongoni. Nikasema basi, imekwisha. Nilirudi mbio kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza nilikimbia nikiwa yule Loisi wa nyuma ya mlango.

Jumatano, 12 Julai

Haijaisha. Nimeharibu zaidi!

Damas, mume wa Ruthu, amekuta tawi halipo. Sasa wanauliza nani kalitoa bila kutangaza. Kama ulikuwa msiba, tungesikia kilio. Kama ni ugonjwa, tungeambiwa. Basi ni mtu mwenye choyo, na sasa ameogopa kwa sababu ya goti la Ruthu.

Nani? Damas alishuka visimani. Vimejaa maji safi, na pembeni alama za kwato za ng'ombe wa Matonya tupu. Mimi najua Mzee Matonya anapandia kutoka bondeni, hapiti njia panda kabisa, hakuliona tawi. Bila shaka alidhani watu wamepata maji mengine, akanywesha kwa raha siku zote hizo. Na mwezi uliopita aligombana na watu wa kitongoji kuhusu zamu za visima.

Bibi kasema mbona haifanani naye. Damas kasema kiu ya ng'ombe humgeuza mtu.

Nilikuwa napepeta mtama. Niliendelea kupepeta.

Alhamisi, 13 Julai

Nimejaribu kumwambia Bibi. Nikasema, "Bibi." Akasema, "Naam." Nikasema chumvi imekwisha.

Haijaisha.

Ijumaa, 14 Julai

Nimekutana na Mzee Matonya njiani, peke yake. Nikapiga goti, shikamoo. "Marahaba, mjukuu. Wale wakimbiaji wako washapata mbuzi wao?" Akacheka mwenyewe. Halafu akasema watu wamemnunia, hajui wana nini, labda kesho kwenye mkutano wa kijiji watamwambia. Hajui! Begani kabeba ule mgolole wake, shuka la mistari, umefuliwa kwa ajili ya kesho.

Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Wakimnyima visima, maji mengine ya ng'ombe ni mpaka mtoni, siku nzima. Ndama hawafiki.

Nimepiga na hesabu zangu za siri, niziandike tu. Nikisema: raba jikoni, hakuna tarehe 20, hakuna Agosti. Baba ataona haya mbele ya watu. Nisiposema: hakuna atakayejua, milele. Nimejishangaa jinsi hiyo ya pili ilivyonikaa vizuri kwa dakika nzima.

Jumamosi, 15 Julai

Naandika nikiwa mkutanoni, darasa la tano, madawati yamejaa. Katibu wa kijiji anaumwa. Mwalimu Gerson kasema Loisi ana mwandiko mzuri, aandike muhtasari. Nimekaa mbele kabisa, kwenye meza! Daftari la kijiji juu, hili chini yake. Wanadhani naandika yao.

Yao ni haya: Damas amesema. Wengine watano wamesema. Ruthu ameletwa, goti limefungwa kanga. Mzee Matonya amesimama. Kasema hajafunga njia, tangu azaliwe hajafunga njia ya maji. Kauliza: nani aliniona na panga? Mtu wa nyuma akapiga kelele: "Ng'ombe wako wamekuona!" Vicheko. Mzee hakucheka. Akakaa, akaanza kunyoosha mikunjo ya mgolole wake, mmoja mmoja.

Baba yuko dirisha la pili. Ananitazama. Nadhani anajivuna, binti yake ameshika kalamu ya kijiji.

Mwenyekiti ameniambia niandike: Mkutano umeazimia ng'ombe wa Mzee Matonya wasinywe visima vya mchangani mpaka mvua. Nimeandika mpaka "umeazimia". Kalamu imekwama. Ameniuliza kama wino umekwisha. Nimetikisa kichwa.

Sasa kura. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono kama mtama shambani. Hata Bibi, taratibu, hamtazami mtu.

Wanaopinga?

Hakuna. Mzee Matonya mwenyewe hakunyoosha. Anatazama sakafu.

Mwenyekiti anauliza mara ya pili. Anasema kama hakuna, mwandishi aandike hakuna.

Mkono wa kulia unaandika haya. Wa kushoto nimeuinua. Uko juu. Mwenyekiti hajauona, anaangalia upande wa wanaume, anatafuta.

Baba ameuona.