Gobore Nililolisifia Kizimbani

Mwanangu Lushinge,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la pili nililoishia linatosha, na herufi zangu ni kubwa, hata askari wa gereza atasoma bila miwani. Majembe yangu yanajulikana toka Samuye mpaka Chato, sembuse barua.

Unakumbuka ulivyokuwa unavuta mivukuto, mimi nagonga? Ukauliza, "Baba, chuma kinaumia?" Nikakujibu, "Uliza mkono wangu." Siku nilipomaliza gobore lile ulilizunguka mara tatu, hukuthubutu kuligusa.

Kisha fisi wakaanza kumaliza mbuzi wa mjomba wako kule Buseresere. Ni mimi niliyekutuma. Nikalificha gobore kwenye gunia la mihogo, ukapanda basi. Polisi walikukamata nalo, silaha isiyo na kibali, hata mjomba hujamwamkia.

Mahakamani ulisema kweli: "Mheshimiwa, ni gobore bovu la mzee, halipigi." Mtaalamu wao wa silaha naye akasema bomba lina ufa. Nikaitwa kukutetea. Mama yako akanivuta koti: "Mzee, leo tu. Sema ni bovu, ukae."

Wakili wa serikali akaniuliza, "Kwa hiyo, mzee, ulitengeneza takataka?" Watu wakacheka.

Takataka! Mimi! Nikasema, "Andika hapo, kijana. Mwaka juzi liliangusha fisi kwa mlio mmoja. Halikosi."

Wakaandika. Hakimu alikuhurumia hata hivyo, akakupa mwaka mmoja, kifungo cha nje. Nikarudi nyumbani najisifu kwamba ni mimi niliyekutoa.

Jamhuri wakakata rufaa: adhabu ni ndogo mno. Jaji akayasoma maneno yangu, moja moja, kama mtu anayeita majina. Miaka mitano. Mama yako hakulia. Alisema tu, "Haya. Halikosi." Tangu siku hiyo ananipakulia ugali bila neno.

Sasa sikia, ng'wana wane, mwanangu, maana sipendi kurudia. Yule fisi hakuanguka kwa gobore. Nililifyatua, likatema moshi, nikakimbia. Asubuhi nikamkuta amekufa kwa mshale wa jirani, nikamburuta mpaka uani kwangu. Halijawahi kupiga kitu lile. Ufa niliuona siku ile ile ya kwanza, wewe ukilizunguka.

Wakili wako amekata rufaa ya juu zaidi. Nimempa nakala ya maneno haya ya fisi. Nyingine nimeibandika mlangoni pa ofisi ya kijiji, pale pale nilipokuwa nikisimulia habari za yule fisi. Wanacheka mpaka kilabuni. Wacheke. Wakili anasema huenda isisaidie, neno la kiapo ni gumu kufuta. Nimemwambia mimi ni mgumu zaidi, niiteni tu.

Jana mama yako aliisoma nakala hiyo akiwa amesimama. Kisha akanipakulia mboga, akaniuliza, "Chumvi imetosha?"

Jembe lako nimelitia mpini mpya. Hilo, kweli, halikosi.

Mimi baba yako,
fundi wa majembe tu.