Msaragambo wa Kunidanganya Mimi

Dada Nakijwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya kaya yangu yote, yaani mimi na paka, natangaza rasmi kwamba siku ya Jumanne asubuhi, hapa Same mjini, nyanya moja iliiva. Moja. Uzito haukuchukuliwa kwa sababu mwenye duka alikataa kunipimia nyanya isiyouzwa. Mama yake, ule mche ulio kwenye gunia la tatu kutoka mlangoni, anaendelea vizuri, ingawa majani yake yana rangi ya mtu aliyemeza dawa bila kula.

Shikamoo, dada. Nimeanza na nyanya kwa sababu nikianza na lile jingine nitaharibu karatasi.

Ungekuwepo ungenicheka, kama ulivyonicheka siku ile uliposhuka kuja kukagua magunia yangu ya mboga. Ulikuta mchicha umelala chali, na mimi nimesimama mbele yake nakueleza habari za mbolea nilizosoma. Ukasema, "Mwalimu, huo mche hautaki hotuba, unataka maji." Ukachukua maji niliyooshea mchele, ukayamwaga shinani polepole, ukachomeka kidole kwenye udongo mpaka kikazama nusu. Ukaniambia niamini kidole kuliko macho. Lakini kidole changu kimekulia kwenye chaki. Miaka yote hii hakijajua udongo ulioshiba ni upi na wenye njaa ni upi.

Nadhani ndiyo maana ulinihurumia kwa kapu. Kila Ijumaa, kutoka kwako Mhezi mlimani, nyuma ya kiti cha dereva: sukuma wiki, mnavu, magimbi mawili matatu, parachichi zilizofungwa kwenye gazeti ziivie njiani, na matunda damu msimu wake ukifika. Nililipokea hapo stendi nikijisemea, Nakijwa mzima. Sikuhitaji kuuliza. Wenzangu hupima afya za ndugu zao kwa kwenda kuwaona. Mimi nilipima yako kwa uzito wa kapu.

Sasa lile jingine. Dada, nimekukasirikia. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, tulikuwa nyuma ya jiko lako, mimi na Mama Eliya jirani yako, tunachambua maharage ya makande ya waombolezaji. Mimi, kwa mdomo huu usiojua msiba, nikasema angalau umefanya kazi mpaka mwisho, maana kapu la mwisho lilikuwa na kabichi kubwa kama kichwa cha mchungaji wetu. Mama Eliya akaacha kuchambua.

"Mwalimu, kabichi ile ni ya kwangu. Dada yako hakushika jembe tangu mvua za vuli."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Ndipo akanieleza. Kwamba uvimbe wa tumboni ulikulaza tangu Novemba. Kwamba kila Jumamosi, zamu yako ya maji ilipofika, jirani mmoja alikwenda kufungulia ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na kuyafuata maji mferejini mpaka kwenye matuta yako, mwingine akapalilia. Siku ya Alhamisi, mtu wa tatu akachuma, na kama bustani yako haikutosha, wakaongeza kutoka kwao. Wewe ulilala dirishani ukielekeza. Pale kwetu msaragambo ni kazi ya wote: barabara ikibomoka, ndiva ikijaa tope, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Sijawahi kusikia unapigwa msaragambo wa kumdanganya mtu mmoja. Na wote walitokea, dada. Dereva alijua. Mzee wa kanisa alijua. Yule fundi cherehani ambaye hajawahi kutunza siri hata ya kipimo cha suruali, naye alijua akanyamaza.

"Usinikasirikie mimi," Mama Eliya akasema. "Aliniapisha. Tena kwa Biblia yangu mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ulisema nikijua nitapanda mlima, nitakaa kwenye kitanda chako ninalia, na darasa la saba watafeli.

Basi nakujibu. Ni kweli ningelia. Na darasa la saba, kwa taarifa yako, wana walimu wengine wanne, wote wananizidi. Lakini mimi ndiye kitinda mimba uliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Nani alikuambia siwezi kubeba chochote? Majirani wote walipata zamu yao kwako. Mmoja alikuogesha, mmoja alikunywesha uji, mmoja alikusomea zaburi. Mimi zamu yangu sikupewa. Mimi nilipewa kabichi.

Hilo ndilo linaloniuma. Kufa kila mtu atakufa. Lakini kunitoa kwenye zamu, dada...

Tangu uondoke mambo ni machache. Migomba yako imezaa. Mbuzi wa jirani yangu hapa wamekula gunia la kwanza na la pili, sukuma wiki pamoja na gunia lenyewe. Kamati ya maji imeniuliza zamu yako ya Jumamosi wampe nani. Nimewaambia wasimpe mtu. Nakuahidi nitapanda mlima mwenyewe kila Jumamosi gari likiwepo, na nitaharibu matuta yako kwa uaminifu mkubwa mpaka nijue kuyatunza. Lala salama, dada yangu. Hasira yangu nitakuja nayo, tutapalilia pamoja.

Ningeweza kufunga barua hapa, ningebaki mtu mwema aliyedanganywa. Lakini iliyotokea hasa ni hii.

Ijumaa moja ya Februari mchicha ulikuja umeng'olewa, na mizizi yake na udongo. Wewe hukuwahi kung'oa mchicha maisha yako yote. Uliukata juu ya kifundo ili uchipue tena, na mimi utotoni ulinichapa kofi la mkononi kwa kuung'oa. Nilisimama stendi nimeushika, nikajua haukuchumwa na wewe. Nikakupigia. Sauti yako ilikuwa inakatika. Nikauliza, unatoka shambani? Ukasema ndiyo, mdogo wangu, natoka shambani. Na nyuma yako nikasikia mwanamke akisema, "Geuka taratibu, mama, nikuwekee mto."

Nilisikia, dada. Nilisikia kila neno. Nikasema haya, pumzika, nikakata simu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Shule hakuna, gari la Mhezi liliondoka na nafasi tele, nililiona. Sikupanda. Niliogopa nitakachokikuta. Nilikata ile mizizi, nikaosha mchicha, nikapika, nikala.

Ijumaa iliyofuata mchicha ulikuja umekatwa vizuri, juu ya kifundo, na mimi nikamshukuru Mungu, nikaamua kwamba wiki ile nilisikia vibaya.

Mdogo wako,
Elinami